Punda wa Zinga na Majani ya Usiku

Punda wa Zinga ndiye aliyebeba kila kizito: mawe ya matumbawe, makuti, magunia ya mwani kutoka Mlingotini. Akichoka husimama. Hakuwa na lugha nyingine, na wenzake walimwelewa.

Kisha Fisi, bwana wake, akamwingiza kwenye mbio za ufukweni, maji yakipwa, akaweka dau mapaja matatu ya nyama. Usiku wa kuamkia mbio Sungura akaja na furushi la majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na mirungi mibichi, imefungwa vile isinyauke, maana ikikaa siku mbili nguvu yake hupungua. Tanzania nzima mirungi ni marufuku kisheria. Sungura alilijua hilo. Ndiyo sababu hakuja mchana.

"Tafuna, shemeji. Kesho hutachoka."

Kweli hakuchoka. Aliwapita wote, akaupita na mbuyu wa kumalizia, akazidi kukimbia macho yamemtoka, mpaka akaanguka kwenye tope la mikoko. Huku nyuma Fisi alikwisha kuanza paja la pili.

Baraza likaketi chini ya mwembe, Babu Kobe akiamua. Fisi akajitetea kwamba mdomo uliotafuna ni wa Punda. Ndipo Mbayuwayu akaomba kusema. Ukoo wake huenda kujenga viota mabandani mwa farasi wa Uingereza, na bibi zake walimsimulia ya mji wa Newmarket mwaka 2013: farasi 11 wa zizi la Godolphin walikutwa na dawa za kutunisha misuli. Mkufunzi wao, Mahmood Al Zarooni, akafungiwa miaka 8. Farasi nao, wasiojua hata walichopewa, wakafungiwa miezi 6.

"Basi na Punda afungiwe!" akadakia Fisi.

"Nifungieni," Punda akasema, bado amelala. "Lakini babu, miguu yangu iliniambia nisimame. Majani yale yalinifanya nisiisikie."

Kobe akanyamaza kitambo. Akaamua Sungura asikanyage ufukwe miaka 8. Punda akapewa miezi 6 ya malisho, apone, wala isiitwe adhabu. Na hapo, kwangu mimi, Kobe aliwashinda watu wa Newmarket kwa haki. Magunia ya mwani akatwishwa Fisi.

Siku ya kwanza hakufika hata barabara kuu. Akasimama, ulimi nje, akingojea kiboko. Punda, aliyekuwa akila nyasi kando ya njia, akamwambia atue mzigo.