Namna ya Kufundishwa Simu Bila Kuhitimu

Mzee mwenzangu wa Kasongo, na wewe mama wa Kabambare unayejifanya husikii, sogeeni. Watoto wameamua tujue simu. Wanasema itatuchangamsha, itatukutanisha na watu, hatutakaa tena barazani peke yetu. Nia yao njema, ila wamekosea jambo moja: mzee anayejua simu hatembelewi, anapigiwa tu. Asiyejua ndiye anayekuja kuonwa kila siku, akaulizwa amelalaje, akaletewa na chai. Basi jifunze, lakini usihitimu. Fuata haya.

1. Pokea simu kwa kushukuru sana. Ikiwa ndogo ya vitufe, yenye tochi na redio, umepata mali. Usiku wa kwenda chooni utanikumbuka. Ikiwa kubwa ya kioo, tembea nayo mkononi Ijumaa ukienda msikitini, au Jumapili ukienda misa. Si lazima iwe imewashwa.

2. Ongea kwa kelele. Utaambiwa simu haihitaji kelele. Usisikie. Sisi tumelelewa na foni, ile redio ya mawasiliano. Kabla ya Celtel kuingia Kongo mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, habari za Kindu au Bukavu zilipita kwenye ule mtambo wa misheni au wa mfanyabiashara, betri ya gari chini, waya wa antena juu ya mti. Unapanga foleni, unapaza sauti, unasema “à vous”, unaachia kitufe, unangoja. Chumba kizima kinajua deni lako. Endelea vivyo hivyo. Mtoto aliye Kinshasa ana faida gani kama majirani hawasikii kwamba amepiga? Tena kumbuka Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Akipiga usiku, mwambie amekuamsha. Ataomba radhi, na radhi ya siku hizi huja na unite za kuongea.

Unite zikikuishia, bipu. Bipu moja ni salamu, mbili ni njaa, tatu ni msiba. Usipite hapo, watakuja na jeneza.

3. Tafuta rezo, yaani mtandao, kwa miguu. Wenzetu wa Ulaya huvaa saa zinazowahesabia hatua, wafikishe 10,000 kwa siku, hesabu iliyotoka kwenye kidude cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Sisi vijijini tuna kilima cha rezo. Panda na fimbo na mjukuu mmoja wa kubonyeza. Simama kila kiwanja, salimia, kunywa maji. Ukifika juu, tangaza kwamba rezo imekimbia na mtarudi kesho. Wewe wa Kasongo mjini huna kilima, lakini una kibanda cha kuchaji simu kwa jua. Usiiache simu pale ukaondoka. Kaa kwenye benchi uilinde. Habari za posa, misiba na bei ya dhahabu hupita hapo kabla hazijafika kwa mwenyewe.

4. Pesa. Hapa tucheke huku macho yakiwa wazi. M-Pesa ya Vodacom ilifika kwetu mwaka 2012, miaka mitano baada ya Kenya, na Airtel na Orange nao wana zao. Kijana akipata kitu huko machimboni Namoya au Salamabila, hakuna tena kumpa mtu wa pikipiki bahasha na kuomba Mungu. Meniu ikija kwa Kifaransa, ikuulize dola au franka, mpe mjukuu simu. Mpe na miwani, ujikwae kidogo ukimkabidhi. Kila kitu ni chake, ila tarakimu za siri. Akifika hapo, sema, “Lete kwanza nione kama imepata moto,” zibonyeze chini ya kitambaa, mrudishie, usijue ulichogusa. Atadhani ni bahati. Mwache na imani yake.

Kiasi kilichotumwa, utakuwa umeshakisikia kwenye ujumbe wa sauti wa yule wa Namoya. Nyamaza. Muulize mjukuu zimeingia ngapi, mtazame usoni. Akipunguza kidogo, samehe, karani yeyote ana mshahara wake. Akipunguza sana, mtajie jumla kamili na umwambie ilikujia ndotoni. Heshima utakayopata nyumbani humo hainunuliki kwa dola wala franka.

Akipiga mtu usiyemjua, akasema umeshinda zawadi na anataka zile tarakimu, hapo ndipo upumbavu wako uonyeshe uwezo wake wote. Muulize ukoo wake. Muulize kama baba yake bado mzima, kama amekula, mvua kwao imenyesha? Unite ni zake. Zikatike.

5. Tuma sauti, acha maandishi. WhatsApp imetutendea haki: haidai miwani wala shule. Rekodi ndefu. Anza na salamu za kila mtu kwa jina, pita kwenye mvua, mbuzi na mguu unaouma, na ombi lenyewe liweke mwisho kabisa. Ukiliweka mwanzoni watakata kabla ya kukujulia hali. Kwenye kikundi cha ukoo usiseme wa kwanza. Waache wabishane kuhusu shamba au mahari hadi wachoke, kisha tuma sauti inayoanza na kikohozi. Kikohozi kile ni kiti cha uchifu. Ukiharibu neno, mtoto ndiye aliyebonyeza.

6. Video. “Koko, mzee wetu, inua simu tukuone!” Usiinue vizuri. Waonyeshe paji la uso, halafu sikio. Watacheka, na wanaocheka hawakati haraka. Akiwa ni mtoto aliye Ubelgiji, mkono ukuchoke kabisa, simu ielekee juu, itulie pale bati lilipotoboka na sufuria inapokingia mvua. Akiuliza ni nini kile, mjibu kwamba hata wewe hujui namna ya kugeuza kamera.

7. Siku moja yule mjukuu, karani wako, atafaulu, atapanda pikipiki avuke Lualaba kwenda kusoma Kindu. Usingoje siku hiyo. Wiki mbili kabla, mwagize amfundishe mdogo wake kazi yote, ninyi watatu mkekani. Wewe sinzia. Ila jicho moja libaki kazini, kwa sababu hao vijana hubadilisha mahali pa vitu kila wanaposasisha programu, na huwezi kujifanya hujui kitu ambacho kweli hukijui.