Namna ya Kufuga Kuvu Bila Maabara

Waingereza wa Billingham, walipotaka kufuga kuvu ya kutengenezea chakula kiitwacho Quorn, walijenga matangi marefu kupita mnazi. Sukari huingia mchana na usiku, kuvu iliyokua hutolewa, na joto halitakiwi kuyumba: kati ya nyuzi 28 na 30. Ndugu mkulima wa Gwata, uwe upande wa Kibaha au wa Kisarawe, joto hilo umepewa bure na Mwenyezi Mungu. Usilipoteze.

Mbegu usinunue. Aspergillus flavus imo tayari kwenye udongo wa shamba lako. Ukishavuna mahindi, yaanike chini, juu ya udongo wenyewe, kuku wapite, na manyunyu yakija usijisumbue kuanua. Turubai ni la watu wenye kiburi.

Hatari kubwa kwa mradi ni ukavu. Mahindi yakishuka chini ya asilimia 13.5 ya unyevu, kuvu hulala. Kwa hiyo kaa mbali na kipimo cha chumvi. Wapinga maendeleo huchukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, wakatia mahindi kidogo na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, wakatikisa, kisha wakaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikishuka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa. Ukishayajua haya utashawishika kuyarudisha juani, na hapo mradi umekufa.

Sasa jaza gunia ulilaze sakafuni, ukutani kabisa, hewa isipite. Uzi wa kuvu hurefuka nchani tu. Kila tawi jipya ni ncha mpya, na kila ncha ni mdomo mwingine unaokula. Mtaalamu Trinci wa Manchester aligawanya urefu wa nyuzi zote kwa idadi ya ncha, akaona kuwa kuvu iliyonawiri hushikilia uwiano wake. Yaani ikila hurefuka, ikirefuka huchipua, ikichipua hula zaidi. Wewe kazi yako ni kulisha.

Hapa ndipo tunapowashinda Waingereza. Wao wakilisha mfululizo kwa saa 1,000 hivi, hujitokeza kuvu ya aina nyingine, yenye matawi mengi kupita kiasi. Hiyo huwatimua wenzake na kuharibu chakula, basi hulazimika kusimamisha kazi, kuosha tangi na kuanza upya. Kuosha! Sisi ghala hatulifagii. Mahindi mapya tunayamwaga juu ya masalia ya msimu uliopita, na ufugaji haukatiki vizazi na vizazi. Hapo Kibaha kuna kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa teknolojia ya Cuba, kinachofuga bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Wale wana matangi, umeme na wataalamu. Wewe una gunia na uvumilivu.

Mavuno yake ni sumukuvu. Haionekani, haina ladha, na ugali hata uupike mpaka alfajiri, haitoki. Punje zilizooza usizitupe: mpe ng'ombe, sumu itarudi nyumbani ndani ya maziwa. Waliotutangulia katika kilimo hiki wapo. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, waliugua 317, wakafa 125.

Ukiona mradi huu umekushinda, nenda Mlandizi ukanunue turubai na mifuko ya kinga njaa, pandisha magunia kwenye kichanja, fagia ghala kabla ya kuvuna. Wanunuzi nao watakuelewa: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipoyaruhusu tena siku chache baadaye, ilitaka kila mzigo uje na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.