Mgeni wa Mwambani

Shemeji yangu ana hoteli ndogo hapa Mwanza, upande wa Capri Point. Aliponunua roboti ya mtumba kutoka Dubai, mapokezi ya hoteli yalikuwa bado yanapakwa rangi. "Shemeji, niwekeeni kwenu kwa muda," akaniambia, "nanyi iwasaidie kazi." Ilikuwa na kichwa, macho ya duara, mikono yenye vidole na kioo cha kugusa kifuani, na kuanzia kiunoni kushuka chini ilivaa gauni la plastiki lenye magurudumu ndani yake.

Kwetu ni Igogo, juu mwambani. Bodaboda inakomea barabarani, na kutoka hapo ni ngazi za mawe, nyingine zimejengwa, nyingine ni mwamba wenyewe ulivyokaa. Walioipandisha ni vijana wanaotubebea saruji, wakipokezana kila kona. Mmoja wao akauliza kwa nini kitu chenye mikono kisijishikilie chenyewe. Swali zuri sana, na wahandisi wa nchi kubwa bado wanahangaika nalo.

Mama mkwe alikuwa barazani. "Mwangaluka," akaiamkia. Kimya. Akajaribu Kiswahili: "Karibu, mgeni." Kimya tena; ilijua Kiarabu, Kiingereza na Kichina tu. Mama alinyanyua kiti chake akahamia upande wa pili wa baraza, na kwa siku mbili roboti ikabaki pembeni mwa kabati la vyombo, ikila umeme na kugeuza shingo kila mtu alipopita.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema mama asubuhi ya siku iliyofuata. Wajomba zake mume wangu walikuwa njiani kutoka Sengerema kuja kuzungumzia mahari ya wifi yangu, na mama ndiye aliyeamua kwamba mgeni atapeleka chakula sebuleni.

Ili muelewe kilichotokea, lazima niseme jikoni kulikuwaje. Binti anayetusaidia kazi alikuwa amerudi na sato kutoka Mwaloni, Kirumba. Alikuwa amechuchumaa, samaki kaminywa kichwa kwa mkono wa kushoto, kisu kinapanda kutoka mkiani, magamba yanaruka mpaka ukutani. Alifunua mashavu ya kila samaki kuhakikisha wekundu haujafifia. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka nyuma yake naye alijua kwa sauti, bila kugeuka, kwamba bado kidogo. Mtoto wangu mdogo alipotambaa kuelekea jiko la mkaa, alimzuia kwa mguu, taratibu, kisu kikiendelea na kazi yake. Roboti ilisimama mlangoni ikijaribu kuingia. Kila ilipomwona mtoto ilisimama, ikarudi nyuma, ikaanza upya.

Wageni walifika jioni. Mama akaiwekea sinia la ugali na sato mikononi, shemeji akabonyeza kioo, nayo ikaanza safari ya sebuleni vizuri kabisa. Umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na ulikuwa msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini makundi kwa makundi. Nyumba nzima ilikuwa giza isipokuwa kioo cha kifua cha roboti, na wadudu wote wa Igogo waliona mwanga huo.

Waliifunika uso, kifua na vile vihisi vya kiunoni. Roboti inaijua njia kwa kurusha miale ya leza na kupima inavyorudi. Miale ikirudi mapema, inaamini mbele yake kuna kitu. Sasa ilikuwa imezungukwa pande zote na vitu vyenye mabawa. Ikasimama kwenye kizingiti, gurudumu moja huku na jingine kule, ikawa inaomba kwa Kiingereza ipishwe. Ilikuwa inatii ilichofundishwa: ukiwa na shaka, usisogee. Wajomba walikaa gizani wakisikiliza mgeni asiyeonekana akiomba njia kwa adabu, na wadudu wakishukia mchuzi.

Binti alikuja na kanga. Akaitupa juu ya kioo, mwanga ukafa, wadudu wakatawanyika. Akachukua sinia, akavuka kizingiti gizani bila kupapasa, akapiga goti kuwasalimia wajomba, akawawekea maji ya kunawa, kisha akarudi kukaanga sato wengine.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata kuhusu mashine hizi, na ninaona watu wanazilinganisha kwa bei na urefu wakati la kwanza kuuliza ni zitatembea kwenye sakafu gani na kwa kazi gani. Mei 2020, Rwanda ilipozindua roboti tano kwenye kituo cha matibabu ya korona cha Kanyinya, Kigali, zilizoitwa Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, zilipewa kazi chache zinazojulikana: kupima joto la mwili, kupeleka ujumbe, kupunguza mara ambazo muuguzi lazima amsogelee mgonjwa. Kwenye mgahawa wa roboti wa Kileleshwa, Nairobi, mashine zinabeba sinia kati ya jikoni na meza, na wahudumu bado wapo. Hata sehemu za biashara si zote zinafaa. Japani kuna hoteli iitwayo "Henn na", iliyofunguliwa mwaka 2015 ikiendeshwa na roboti. Kufika 2019 ilikuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti hizo, kwa kuwa ziliwazidishia wafanyakazi kazi.

Nyumbani ndiko kugumu kuliko kote. Mwaka 1988 mtaalamu Hans Moravec aliandika kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima, na vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Roboti ya G1 ya Unitree ina miguu, ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa kuanzia dola 16,000, na betri yake inadumu kama saa mbili. NEO ya kampuni ya 1X ilianza kuagizwa Oktoba 2025 kwa dola 20,000 kwa ajili ya majumbani. Kazi isiyoiweza, mtu aliye mbali anavaa miwani maalumu na kuiongoza, akitazama nyumbani mwako kwa macho ya roboti hiyo.

Dola 20,000. Hapa Tanzania, amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Bei ya mashine hiyo ni mshahara huo kwa zaidi ya miaka 60. Inaniuma kwamba ustadi ambao matajiri wa dunia wanaukimbilia kwa mabilioni, hapa tunauita kazi ya mtu asiyesoma. Shirika la WoteSawa hapahapa Mwanza, lililoanzishwa na mwanamke aliyewahi kuwa mfanyakazi wa ndani, limekuwa likidai mikataba na heshima kwa mabinti hawa kwa miaka mingi, na wengi wetu bado tunawalipa kwa nguo zilizotuchosha.

Shemeji alikuja kuichukua roboti rangi ilipokauka. Huko hotelini inafaa: vigae vimenyooka, ramani iko kichwani mwake, inakaribisha wageni na kupeleka soda vyumba vya chini. Alipokuwa anaifunga kamba akamwita binti pembeni.

"Njoo kwangu, nitakulipa laki na nusu."

"Baba mdogo, hiyo inapanda ngazi?"

"Haipandi."

"Basi mizigo ya ghorofani itakuwa yangu. Laki mbili, na Jumapili nipumzike."

Mama mkwe alikuwa anasikia yote kutoka barazani. "Mkamwana," akaniita, "leta kalamu kabla huyu hajashuka." Mkataba wa binti kwetu ulikuwa unaisha mwezi huo. Tukaandika laki mbili, Jumapili nzima yake, na michango ya NSSF. Akausoma mwenyewe kwa sauti, akataka likizo ya kwenda kwao iandikwe kwa tarehe, ikaandikwa, akasaini. Shemeji akashuka na vijana wa saruji, bado anatafuta mtu wa ghorofani.