Nilivyouziwa Mmea Wangu Mwenyewe

Shilingi 250. Nilimhesabia kijana wa mkokoteni pale steji ya Jogoo Road, watu wakisikia, baada ya kumshusha kutoka 300 na kumpa somo refu la bure kuhusu kumwagilia mani planti. Naye akanihakikishia kwamba mmea huo ungesafisha hewa ya nyumba nzima. Nikaingia Makongeni nimekumbatia mkebe wa mafuta ya Kimbo uliopandwa mmea huo. Mlangoni nikampata mtoto wa jirani, msichana aliye katika umri wa kusema kweli bila kuulizwa. Akaukagua mkebe, akanikagua na mimi.

"Kwani umenunua maua yenu?"

Nikamwambia maua kama hayo yamejaa Nairobi. Akaweka kidole kwenye jani la tatu. Kando ya mshipa wa katikati palikuwa na matone mawili ya rangi ya bluu, moja bapa, jingine limechuruzika hadi nchani. Nikageuka nikaitazama fremu ya mlango wangu. Bluu ileile, ambayo fundi aliikoroga kutoka makopo mawili yaliyobaki kwenye kazi nyingine, na ambayo haiuzwi duka lolote duniani.

"Mama alikata," mtoto akamalizia, kisha akaenda zake kuruka kamba.

Chungu changu kinaning'inia barazani. Tawi moja lilishika waya wa kuanikia nguo, likapita juu ya dirisha langu, likaendelea hadi kwa jirani, upande unaopata jua la asubuhi. Huko ndiko alikokuwa akilingojea na makasi. Anakata, anatia chupani, mizizi ikitoka anapanda mkebeni na kumuuzia yule kijana kwa jumla. Ni biashara kamili, ila mtaji ni wangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anakata vizuri. Wengi huchuma jani pamoja na kikonyo chake, wakalitia kwenye glasi, wakangoja. Jani hilo laweza kukaa kijani miezi mingi, hata likatoa mizizi, lakini halitakuwa mmea, kwa sababu halina chipukizi. Siri iko kwenye kifundo, pale jani linaposhikana na shina. Ukipapasa utakuta kipele cha kahawia: huo ni mzizi ambao umeshaanza, unasubiri unyevu tu. Kando yake limelala chipukizi. Na linalala kwa amri, maana ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoteremka shinani na kuyazuia machipukizi ya nyuma yasiamke. Kata ncha, amri imeondoka: lililobaki chunguni linachipua na kutoa matawi mapya. Kwenye kile kipande kilichokatwa, oksini ileile inaendelea kuteremka, inakuta njia imeishia hapo, inarundikana na kuhimiza mizizi. Kwa hiyo mwizi anaondoka na mmea, na mwenye mali anabaki na chungu kilichojaa kuliko mwanzo. Nilikuwa nikijisifu kwa wageni kwamba mkono wangu una baraka.

Jua nalo lilikuwa upande wake. Kwangu kwenye kivuli majani yalikuwa yakipoteza michirizi ya manjano. Kwake yalitoka na madoa ya dhahabu, ndiyo maana nilipoyaona kwenye mkokoteni niliyapenda kuliko yangu.

Nikampelekea kesi mzee mmoja mstaafu wa reli, anayetuamulia ugomvi wa maji na kelele. Jirani akajitetea kwamba kilichoingia kwake kinamzibia mwanga. Akaongeza swali: na mimi mmea wa kwanza niliutoa wapi? Nikasema swali hilo halihusiani na kesi. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kulijibu vizuri. Asili ya mani planti ni kisiwa cha Moorea katika bahari ya Pasifiki, na mmea wenyewe karibu hauchanui kamwe. Mara ya mwisho inayojulikana kuchanua bila kupewa dawa ni mwaka 1964. Mwaka 2016 watafiti walionyesha sababu: jeni ya kutengeneza homoni ya jiberelini ina hitilafu. Bila ua hakuna mbegu. Uliomo ofisini, saluni na kwa kinyozi ni kipande cha kipande cha kipande, na kila kimoja kilipitia makasi ya mtu.

"Treni ikiingia stesheni yako haiwi yako," mzee akaamua. Nikatabasamu. "Lakini abiria wakishashuka, hao ni wako."

Kisha akanyamaza akiutazama mparachichi wake, alioupanda mwenyewe nyuma ya nyumba isiyo yake. Tumeishi tukiambiwa kwamba nyumba hizi za reli zitabomolewa, pajengwe ghorofa. Mani planti haina shida, unakata urefu wa kiganja, unatia chupani, unahama nayo. Mparachichi haukubali hayo. Tawi lake ni gumu mno kuota mizizi, na mzee mwenyewe hangoji tena miaka ya kokwa lingine. Sijawahi kuona fomu ya uhamisho yenye nafasi ya kuandika mti. Wanahesabu vyumba na wapangaji. Kivuli ambacho watoto wa safu nzima wamekulia chini yake hakimo kwenye karatasi yoyote, na sioni la kucheka hapo.

Mengine ni madogo. Utomvu wa mani planti ulinitoa vipele mikono yote miwili. Shangazi alikuja mifereji ikiwa imekauka, akachemshia chai maji ya chupa yangu ya mizizi. Na ile hewa safi niliyoahidiwa inatokana na jaribio la NASA la 1989, lililofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Hesabu za 2019 zinataka angalau mimea 10 kwa kila mita moja ya mraba, na pengine hadi 1,000. Itabidi nikalale nje.

Jana jirani alikuja na pendekezo. Yeye ataendelea kukata, mimi nisogeze chungu karibu na waya, ninunue mbolea, na nitalipwa shilingi 20 kwa kila kipande. Wateja, anasema, wanapenda sana yale yenye matone ya bluu, kwa hiyo niangalie kama kopo halijaisha. Nimekataa. Mke wangu amekubali.