Heko Wenye Hisa

Wanaowacheka wenye hisa za vikampuni vya kutafuta almasi hawajui subira ni nini. Mkulima hungoja msimu, mvuvi hungoja bamvua. Hawa wa London wanangoja mwaka wa tisa, na hisa waliyoinunua peni ishirini leo ni nusu peni. Bei nzuri ya kuongeza, wanaambiana.

Na dalili zipo! Garneti zimeonekana mchangani. Garneti hufuatana na almasi, na nani asiyejua kwamba penye moshi pilau limeshaiva? Wakorofi watasema katika miamba mia ya kimbalaiti, ambamo almasi husakwa, ni mmoja tu hivi unaolipa kuchimbwa. Basi si upo? Mwanajiolojia Williamson aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940 baada ya kuhangaika miaka, tena bila setilaiti wala mkurugenzi ambaye mshahara wake hupanda kila hisa inaposhuka.

Juzi wamepata bishara: zinatolewa hisa mpya ili lichorongwe shimo jingine, pembeni kidogo ya lile la mwaka jana. Furaha ilioje! Mmoja wao keshapiga hesabu ya karati zilizomo, hadi desimali ya pili. Mashine ya kuchoronga bado iko bandarini.