Kila Picha Iwe na Nyumba Ndogo

Kwenye ndoa simshauri mtu, lakini kwenye picha nasisitiza: nyumba moja haitoshi. Picha za harusi ya dada yako zinazoishi ndani ya simu moja, simu inayolala chini ya mto na kushinda katika mfuko wa nyuma kwenye daladala, ziko njiani kuondoka. Zitafutie nyumba ndogo. Kisha zitafutie nyumba ya tatu, na hiyo iwe katika mji mwingine kabisa.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliiweka kanuni hii kwa tarakimu zinazokaa kichwani: 3-2-1. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali na nyumbani. Simu, diski ya nje na akaunti ya intaneti zinatosha. Flashi mbili ndani ya droo moja hazitoshi, kwa sababu mwizi hubeba droo nzima na mafuriko hayabagui.

Memori kadi ndiyo inayoliza wengi. Huhifadhi picha kama chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja taratibu, hasa kwenye joto. Usiitupe kabatini miaka saba ukadhani umeweka hazina. Halafu kuna kadi feki. Wajanja huchukua kadi ya GB 8, wakaibadilishia programu yake ya ndani ili iiambie simu kwamba ni ya GB 64. Utapiga picha, itapokea kwa adabu zote, majina ya mafaili yatajipanga. Zikishajaa zile GB 8 za kweli, picha mpya huandikwa juu ya za zamani, au haziandikwi popote, na wewe utajua siku ya kuzifungua, bibi harusi akiwa amekaa pembeni yako. Kwa hiyo kadi mpya, hata ukiuziwa na shemeji, ipimwe kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla haijakanyaga ukumbini. Programu hizo ni za bure: huijaza kadi hadi pomoni, kisha hukagua kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Zinaweza kuchukua saa nyingi. Zipe.

Picha ya JPEG husomwa kwa mfululizo, kuanzia juu kwenda chini, hivyo hitilafu ndogo katikati huweza kuvuruga yote yanayofuata. Ninayo moja ya mama yangu. Kilemba kipo, paji la uso lipo, macho yapo, kisha kijivu mpaka chini. Siku ile alikuwa anacheka.

Ukifuta picha za kadi kwa bahati mbaya, chomoa kadi papo hapo na usipige nyingine hata moja. Kinachofutwa kwanza huwa ni anwani. Picha zenyewe mara nyingi bado zimelala palepale zikingoja kufunikwa. PhotoRec, nayo ya bure, huweza kuzitafuta, ila zinazopatikana zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile.

WhatsApp isiwe nyumba ndogo ya picha yoyote unayoipenda. Huikamua ipungue ukubwa. Ukitaka ifike nzima, itume kama dokumenti. Google Photos ni nyumba nzuri zaidi, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure unazogawana na barua pepe zako. Na ukumbuke: picha iliyohifadhiwa huko, ukiifuta ndani ya programu hiyo, inaondoka simuni na kwenye akaunti pia. Pipa huitunza siku 60, basi.

Chache unazozipenda kupita zote, zichapishe. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na sura za watu aliowapiga bado zinatazamika, bila chaja wala nywila. Chapa kumi, mpelekee shangazi kijijini azitundike sebuleni.

Na leo usiku ifungue ile nakala ya pili. Kuona jina la faili kwenye orodha hakutoshi. Ifungue, ivute karibu, shuka mpaka mdomoni, uyaone meno.