Mkanda Usioshika Suruali

Mkanda wa mwanaume una kazi inayoeleweka: ukikatika, suruali inashuka na mtaa mzima unajua kilichotokea. Wa kike haushiki kitu. Gauni litabaki palepale, uuvae au uusahau kitandani. Halafu huo usio na kazi ndio wenye makuu.

Tuanze na kuununua. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mikanda haikungoji dukani, inakufuata. Machinga kaitundika begani, mingine kaizungusha mkononi, na kiuno chako keshakipima kwa macho kabla hujaitikia salamu. "Dada, huu ndio wako. Umekaa!" Umekaa wapi, wakati bado anao yeye? Ukibisha anajizungushia mwenyewe, kijana ambaye kiuno chake kingeenea kwenye mkono wa gauni langu, kisha anakuhakikishia kwamba unavutika. Ndani ya mkanda kuna namba, 90 au 100, na wengi hudhani ndio urefu wake wote. Kwa kawaida ni sentimita kutoka kwenye chuma cha kufungia hadi tundu la katikati. Ndiyo maana matundu mara nyingi huwa matano: la katikati ndilo lako, mawili ya upande mmoja ni ya Krismasi na mawili ya upande wa pili ni ya Kwaresima.

Mimi kiuno changu hukaa baina ya matundu. Kwa hiyo safari ya pili huwa kwa fundi viatu, ambaye hana haja ya mashine. Ana msumari, nyundo na sauti. "Sasa mama, kiuno hapa kinaanzia wapi?" Anauliza mbele ya watu wanaosubiri soli zao, na kila mmoja ana maoni. Kutoka dada wa machinga hadi mama wa fundi viatu ni hatua chache tu za barabara.

Magauni mengine huja na mkanda wake kabisa, na ubavuni yana vitanzi viwili vya uzi uliosokotwa, vyembamba kiasi kwamba utadhani ni uzi uliosahauliwa na mshonaji. Vinakatika siku ya kwanza, unapoinama kufunga kiatu. Kuanzia hapo mkanda unahama kadiri unavyotembea. Asubuhi uko kiunoni, mchana uko kifuani.

Kisa kikubwa kilikuwa kwenye sendofu. Gauni la rangi ya maziwa, mkanda mweusi mpana, muuzaji kaapa kwamba ni ngozi halisi. Ngozi bandia ni utando wa plastiki uliobandikwa juu ya kitambaa, na joto na unyevu wa Dar es Salaam huutafuna hata ukiwa kabatini haujavaliwa. Wangu ulisubiri mpaka pilau ilipopakuliwa. Ukaanza kubanduka magamba madogo meusi, juu ya gauni, juu ya kiti, moja likatua kwenye kachumbari. Mama niliyekaa naye meza moja, mtu mstaarabu, akawa ananipukuta polepole bila kusema neno, akidhani ni sisimizi. Sikumsahihisha, sisimizi ni heshima zaidi. Siku hizi nikinunua hutazama ukingo uliokatwa, na kama umepakwa rangi nachungulia kwenye tundu. Ukiona kitambaa mle ndani, mrudishie mwenyewe na kiapo chake.

Wanamitindo wana jibu kwa mkanda uliozidi urefu: pitisha ncha kwa nyuma, ipige fundo, iache ining'inie. Hawajapanda daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Kuna abiria alikosa bomba la kushika, akashika ncha yangu. Breki zilipopigwa tulikwenda mbele pamoja. Aliposhuka alinishukuru vizuri tu.

Kuna na hili la kufunga mkanda juu ya dera. Dera limeshonwa ili kiuno kipumzike, sasa unakiita kazini siku ya mapumziko kwa sababu gani? Nilipojaribu, mama mkubwa alinizunguka kimya, akasema nimekuwa kama gunia la mkaa lililofungwa katikati. Yeye hujifunga kibwebwe cha kanga, analima, anapika, anaingia kwenye ngoma, na hakijawahi kumdondoka. Hakina tundu hata moja.

Nikaona bora mkanda wa kitambaa, wa kitenge kilekile cha gauni, na kitambaa kigumu katikati usijikunje. Nikampelekea fundi cherehani pisi nzima. Gauni likatoka zuri, mkanda haukutoka. "Kitambaa kimeishia kwenye mikono, dada yangu. Mikono yako imekula." Nikaitazama mikono yangu, nikakubali. Jumapili nikamwona kanisani na mwanawe wa miaka kama minne, kaptula ya kitenge changu, shati la kitenge changu, na kiunoni, umenyooka vizuri kabisa, mkanda.